Mbwa Kijana Anayechechemea: Siku za Hatari Ni Zile Anapoonekana Amepona

Ugumu wa kumuuguza mbwa kijana hautokani sana na jeraha lenyewe. Unatokana na nguvu zake. Mbwa mzee akiumwa mguu hujilaza kivulini akautuliza, lakini mbwa ambaye bado damu inamchemka, akipata nafuu kidogo tu, hutaka kurudia mbio na kuruka kana kwamba hakuna kilichotokea. Maumivu huondoka mapema kuliko jeraha: msuli au kano iliyovutika huhitaji wiki kadhaa kuunga vizuri, ilhali dawa na siku chache za kulala zinatosha kumfanya mbwa akanyage bila kuonyesha dalili. Mbwa wengi hujiumiza upya katika kipindi hicho cha katikati, na mara ya pili huwa mbaya kuliko ya kwanza.

Mbwa wangu Simba, chotara wa mbwa wa kienyeji na German Shepherd, alikuwa hajatimiza miaka miwili alipoanza kuchechemea mguu wa nyuma baada ya kuruka ukuta mfupi wa uani kwetu Tabata. Daktari wa mifugo alimkagua, akaona kwamba misuli ya paja ilikuwa imevutika na kwamba goti lilikuwa imara. Nayaandika haya kwa sababu nilijifunza mengi katika uuguzaji wake, na kwa sababu hapa Dar es Salaam mbwa wengi wenye tatizo kama hilo huachwa "wapone wenyewe".

Kabla ya yote, chunguza unyayo. Mitaa yetu ina misumari, vipande vya chupa na miiba, na lami ya saa saba mchana inaweza kuunguza nyayo za mbwa. Tazama kucha moja moja, kisha tenganisha vidole utazame katikati yake, maana kupe hupenda kujificha hapo. Fanya hivyo kwa upole na mwombe mtu akusaidie kumshika, kwa kuwa mbwa mwenye maumivu anaweza kumng'ata hata mtu anayempenda. Chanjo yake ya kichaa cha mbwa iwe haijapitwa na muda. Kisha mpige video kwa simu akitembea polepole, kutoka mbele, nyuma na ubavuni. Mbwa wengi wakifika kwa daktari huwa na msisimko wa kukutana na wageni, wakatembea vizuri kabisa, na video hiyo ndiyo itakayoonyesha hali halisi. Ikiwa tatizo liko mguu wa mbele, kumbuka kwamba mbwa huinua kichwa mguu mgonjwa unapogusa ardhi na kukiinamisha mguu mzima unapokanyaga, na watu wengi hukosea hapo wakaushika mguu usiouma.

Mbwa asiyekanyaga kabisa, aliyegongwa na bodaboda, mwenye mguu uliopinda au uliovimba sana, apelekwe siku hiyohiyo. Kwa kuchechemea kwa kawaida, kukizidi siku moja au mbili, usiendelee kusubiri. Sababu ni nyingi, na nyingine hazihusiani kabisa na kuteguka. Mbwa wa mbegu kubwa walio kati ya miezi 5 na 18 wanaweza kupata uvimbe wa ndani ya mifupa mirefu, ambao dalili yake ni maumivu yanayohama kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Wengine huzaliwa na mwelekeo wa nyonga zisizokaa sawasawa, na dalili huanza wakiwa bado wadogo. Hapa pwani, ambako joto na unyevu huwafanya kupe wazaliane mwaka mzima, hata katika nyufa za banda, magonjwa yanayoenezwa na kupe yanaweza kuvimbisha viungo. Mbwa anayechechemea huku ana homa, hataki kula na amezubaa anahitaji kupimwa damu, na kumkanda mguu hakutamsaidia.

Kuhusu dawa sina lugha ya kuzungukazunguka: usimpe mbwa dawa ya maumivu ya binadamu. Ibuprofeni na diklofenaki, ambazo hupatikana kwa urahisi katika maduka ya dawa, zinaweza kumsababishia vidonda vya tumbo na kuharibu figo, na parasetamoli inaweza kuharibu ini na damu yake. Zipo dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, na daktari hupanga kipimo kwa kufuata uzito wake. Mpe baada ya chakula, na ukiona anatapika au anapata choo cheusi, sitisha umpigie daktari. Katika siku mbili tatu za mwanzo, barafu iliyofungwa katika kitambaa na kuwekwa juu ya sehemu iliyoumia kwa dakika 10 hadi 15 hupunguza uvimbe.

Baada ya hapo kazi iliyo kubwa ni mapumziko, na mapumziko ya mbwa hayana budi kukubaliwa na watu wote wa nyumbani. Familia nyingi hapa mjini humfungia mbwa bandani mchana na kumfungulia usiku alinde, kwa hiyo daktari anaposema "apumzike wiki mbili", kila mmoja anaelewa vyake. Niliwaeleza watoto, dada wa kazi na mlinzi kwamba Simba hafunguliwi usiku, harushiwi mpira na hapandi ngazi. Banda dogo au chumba kimoja kinafaa kuliko mnyororo, kwa sababu mbwa aliyefungwa mnyororo hurukia kila anayepita getini, na kila mruko humrudisha nyuma. Kama analala ndani, sakafu ya vigae ni adui mkubwa wa mguu unaopona. Mkeka wa ukili nao huteleza juu ya vigae, hivyo tafuta kipande cha zulia kuukuu au mazulia ya mlangoni yenye mpira chini.

Hata hivyo mbwa kijana aliyefungiwa bila shughuli atajitafutia shughuli, nayo itakuwa ya kuruka na kuchimba. Hapa ndipo nilipopata faida kubwa kuliko mahali pengine pote. Pua ya mbwa huchoka kama miguu inavyochoka, na kunusa hakumuumizi. Sehemu ya chakula chake niliificha katika makunjo ya taulo kuukuu, au dagaa wachache niliwafunga katika boksi akalirarua akiwa amelala. Nilimfundisha kukaa kimya mtu anapobisha hodi, kugusa kiganja changu kwa pua, na kulala chini hadi aruhusiwe, kwa vipindi vifupi mara kadhaa kwa siku. Pia nilimpunguzia ugali, kwa kuwa mbwa asiyekimbia huongezeka uzito upesi na kila kilo inayoongezeka inabebwa na mguu uleule mbovu.

Daktari akiruhusu matembezi, anza na dakika 5 mara mbili au tatu kwa siku, kwa kamba fupi na kwa mwendo wa pole sana. Upole huo una sababu yake: mbwa anayetembea taratibu hulazimika kuutumia kila mguu, bali akienda mbiombio anaweza kuuning'iniza ule unaouma bila wewe kutambua. Alfajiri ndiyo saa nzuri zaidi, kwa ajili ya joto, na pia kwa sababu majirani wengi hawapendi kuguswa na mbwa na wana haki ya kupita njiani bila bughudha. Ongeza dakika 5 kila wiki, lakini amua kwa kumtazama asubuhi inayofuata. Akiamka amekakamaa au anachechemea hatua za kwanza, rudi kwenye muda wa wiki iliyopita. Kila wiki nilipima mzingo wa mapaja yote mawili kwa futi ya fundi cherehani, mahali palepale, kwa sababu paja lisilotumika husinyaa, na kulingana kwa mapaja kulinipa picha ya kweli kuliko furaha ya mbwa mwenyewe.

Wenzangu wengi huharakisha kwenda Coco Beach wakiamini kwamba mchanga ni laini kwa mguu. Mchanga mkavu huzamisha mguu na kuvuta kano kwa nguvu, kwa hiyo uache hadi mwishoni. Ule uliolowa na kushikana wakati wa maji kupwa ni bora, tena kwa kutembea tu. Mbio za moja kwa moja zije kabla ya kukata kona, na kuruka na kucheza kwa vishindo na mbwa wenzake kuwe jambo la mwisho kabisa kuruhusiwa.

Iwapo kuchechemea kunarudi kila unapoongeza mazoezi ingawa umefuata utaratibu wote, mrudishe kwa daktari na uombe goti na nyonga zikaguliwe mbwa akiwa amepewa dawa ya usingizi, pamoja na picha ya eksirei, kwa sababu kano ya goti iliyochanika kidogo inaweza kujificha nyuma ya misuli iliyokaza wakati mbwa yuko macho.