Vuli Kwenye Banda la Sungura: Kazi za Mikono za Kuwahi Kabla Mvua Haijakaza

Mwezi wa Novemba hapa Mwanza majani si tatizo. Tatizo ni maji. Vuli ikishaingia Oktoba, mabingobingo, kishona nguo na matembele huchipua kila kona, gunia linajaa kwa dakika kumi, na wiki hiyohiyo vitoto vya sungura vinaanza kuharisha. Kiangazi kilikuwa na njaa lakini kilikuwa kikavu, na sungura huvumilia ukavu kuliko unyevu. Kazi zote zinazoelezwa hapa zina shabaha moja: kubaki kikavu kile kinachomgusa sungura na kile kinachoingia tumboni mwake. Zinatosha banda la sungura kumi hivi, majike nane au tisa na dume mmoja, ukubwa ambao familia ya Buhongwa au Kisesa huweza kuuhudumia asubuhi kabla ya kwenda kazini.

Upepo unatokea wapi?

Mvua ya vuli huku ziwani mara nyingi hainyeshi wima. Husukumwa na upepo ikaingia bandani kwa ubavu. Kujua upande wa kuziba, tazama kuta za nje za nyumba yako: ukuta uliorukiwa matope hadi juu na rangi yake kubabuka ndio unaopigwa. Upande huohuo wa banda ndio unaohitaji pazia.

Pazia zuri kuliko yote ni mkeka wa mafunjo. Shona mikeka miwili pamoja kwa kamba ya katani, funga fito juu na fito nyingine chini ili upepo usiinyanyue, kisha ining'inize ukiacha wazi sentimita 20 hadi 30 chini ya paa. Nafasi hiyo isizibwe. Watu wengi hukosea hapa: wanaona mvua, wanazungusha turubai la plastiki pande zote nne, na baada ya wiki mbili sungura wanapiga chafya na miguu ya mbele imelowa kamasi. Kilichowaumiza ni hewa ya mkojo iliyofungiwa ndani, si baridi. Kipimo chake ni rahisi. Alfajiri chuchumaa mpaka pua yako ilingane na kizimba. Macho yakikuwasha, fungua upande mmoja siku hiyohiyo.

Wenye viwanja vyenye majabali wana jambo la ziada. Jabali hutoa kivuli kizuri mchana, lakini hutunza joto na kulirudisha usiku, na mvua ikinyesha maji huteleza juu yake kama kwenye bati. Banda likae angalau mita mbili kutoka kwenye jabali, na upande wa juu chimba mfereji wa sentimita 30 kwenda chini.

Kisha siafu. Ardhi ikilowa huhama, na usiku mmoja unatosha kumaliza kiota kizima. Majivu yaliyozungushwa kwenye nguzo hayasaidii tena mvua ikishayalowesha. Simamisha nguzo ndani ya makopo yenye oili chafu, lakini usiishie hapo: oili huelea juu ya maji, kwa hiyo kopo likijaa mvua oili ndiyo inayomwagika, na asubuhi unabaki na kopo la maji matupu. Kata mfuniko wa ndoo kuukuu, utoboe katikati kwa kipimo cha nguzo, uupandishe juu ya kopo kama mwavuli na uupigilie misumari miwili. Nyasi zinazogusa kizimba zikatwe pia, kwa sababu siafu hawahitaji nguzo wakipata jani la kupandia.

Chanja la kunyaushia

Majani mabichi yenye umande au mvua hayaingii kwenye kizimba. Yakate jana ya kulisha leo. Chanja ni fito nne za kusimama, urefu wa kiunoni, na juu yake wavu au fito nyembamba, chini ya paa. Chanja la mita mbili kwa moja linawatosha sungura kumi. Tandaza majani unene wa kiganja, usizidishe, uyageuze mara moja jioni. Baada ya saa 12 hadi 24 yatakuwa yamelegea lakini bado ya kijani. Hapo yako tayari.

Ukiyaacha ndani ya gunia, ingiza mkono katikati ya gunia hilo asubuhi. Utasikia joto kama la ugali uliofunikwa. Majani hayo yameanza kuchacha, na sungura akiyala tumbo hujaa gesi. Sungura hawezi kutapika wala kucheua kama mbuzi, hivyo gesi hubanwa humohumo. Yatupe kwenye shimo la mbolea hata kama yanaonekana mazuri.

Katika kuchagua majani, matembele, kishona nguo, mabingobingo machanga na majani ya migomba ni salama yakinyauka. Majani ya mihogo, ya nyanya na ya viazi mviringo yaache kabisa. Lukina iwe kidogo tu, kwa sababu ikizidi manyoya hupukutika. Kabichi nayo, wanayopewa wengi kwa sababu masalia yake ni rahisi kupatikana sokoni, huleta gesi.

Majani makavu, yaani hei, ndiyo msingi wa chakula. Sungura mkubwa hula gramu 100 hadi 150 kwa siku. Kwa sungura kumi, gramu 120 kila mmoja, siku 90 za vuli, unahitaji kilo 108. Kata nyasi zikiwa zinaanza kutoa maua, zianike kivulini penye upepo siku mbili au tatu, na uzipime kwa kusokota konzi moja: shina likikatika, zimeiva, likipinda na kubaki limepinda, bado. Kwa kufungia, tengeneza sanduku la mbao lisilo na mfuniko wala kitako, urefu sentimita 85, upana 55, kina 45. Tandika kamba mbili za katani ndani yake, jaza nyasi huku mtu akikanyaga, kisha funga. Robota moja hukaribia kilo 20, kwa hiyo sita zinakuvusha vuli. Zipange juu ya mbao, zisiguse sakafu wala ukuta. Robota lenye harufu ya ukungu litandike chini ya migomba, sungura asilionje.

Kuhara kwa vitoto

Hili ndilo linaloua, na linastahili kueleweka vizuri. Koksidiosisi huletwa na kimelea kinachotoka na kinyesi. Kikitoka tu hakina nguvu ya kuambukiza. Kinahitaji unyevu, joto na siku moja au zaidi ili kikomae. Ndiyo maana banda linalofagiliwa kila siku na kukauka halisumbuliwi sana, na lile linalosafishwa Jumamosi kwa Jumamosi huzika vitoto. Dawa za kawaida za klorini hazikiui. Kinachokiua ni maji yanayochemka, moto na ukavu wa jua. Toa sakafu ya wavu, sugua kinyesi chote kwa brashi ya waya, mwagia maji yanayochemka, kisha ianike juani mpaka ikauke kabisa kabla ya kuirudisha.

Walio hatarini zaidi ni wenye umri wa wiki 4 hadi 12. Dalili ni tumbo kubwa, mgongo unaohesabika mifupa, manyoya yaliyosimama, na uchafu nyuma. Ukiona hivyo, simamisha majani mabichi na pumba, bakiza hei na maji safi, mtenge mgonjwa, na upate dawa iitwayo amproliamu kwenye duka la dawa za mifugo, ukifuata kipimo cha kwenye pakiti na siku za kusubiri kabla ya kuchinja. Ukichinja sungura na kukuta ini lina madoa meupe, kundi zima lichunguzwe na mtaalamu wa mifugo. Lakini usichanganye kuhara na vile vinyesi laini, vyeusi, vilivyoshikana kama kishada cha zabibu. Hivyo sungura huvila mwenyewe moja kwa moja, na ni afya.

Hesabu ya kupandisha nayo inasaidia. Mimba ni siku 31. Jike aliyepandishwa mwanzoni mwa Julai huzaa mapema Agosti, na vitoto vyake vinatimiza wiki 12 mwishoni mwa Oktoba, mvua ikiwa ndiyo inaanza kukaza. Aliyepandishwa Oktoba huachisha katikati ya Desemba, kwenye tope. Tena Septemba na Oktoba ni miezi ya joto hapa, na dume aliyekaa chini ya bati bila dari ya nyasi, kwenye joto linalopita nyuzi 30, anaweza kupanda bila kutia mimba kwa wiki kadhaa.

Kiota

Plaiwudi moja ya futi 8 kwa 4, unene wa milimita 9, hutoa viota vinne. Kila kimoja kiwe na urefu wa sentimita 45, upana 30, kimo 30, na mbele kimo kishuke hadi 15 ili jike aingie bila kuruka na kitoto kisidondoke. Sakafu toboa matundu kumi ya milimita 6. Usitumie bati: usiku hutoa jasho na kulilowesha tandiko. Vichwa vya misumari viwe nje, na kiganja chako kipite ndani chote bila kuchomwa.

Tandika maranda ya mbao sentimita 4, si vumbi la msumeno linaloziba pua, kisha hei laini hadi kiota kijae, ukitoboa shimo kwa ngumi upande wa nyuma. Kiweke siku ya 28 ya mimba. Ukikiwahisha, jike hukigeuza choo, na kitoto kisicho na manyoya kwenye tandiko bichi hakimalizi usiku. Siku ya kwanza nawa mikono, hesabu vitoto, ondoa vilivyokufa. Tumbo la duara linalong'aa limeshiba. Ngozi yenye makunyanzi ina njaa. Jike hunyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku, dakika chache, kwa kawaida usiku au alfajiri, kwa hiyo usimhukumu kwa kutomwona kiotani mchana. Macho hufunguka siku ya 10 hadi 12, na kiota kitoke kizimbani karibu na wiki ya tatu.

Bakuli la maji la saruji halipinduki wala halilowanishi sakafu: saruji kipimo kimoja, mchanga uliochekechwa vitatu, na kalibu yake ni bakuli la plastiki kwa nje na kikombe kilichopakwa mafuta kwa ndani. Kabla ya kulitumia, lilowekwe siku saba ukibadilisha maji kila siku, kwa sababu saruji mpya huchoma midomo.

Ngozi za mwezi wa Desemba

Chagua sungura wa miezi mitano na zaidi. Ngozi ya mdogo huchanika ukiinyoosha. Kwa joto letu ngozi iingie kwenye maji ya chumvi ndani ya saa moja au mbili baada ya kuchinja, la sivyo manyoya yatang'oka kwa mafungu. Ndoo iwe ya plastiki, maana shabu, lile jiwe jeupe la kukomazia ngozi, hula chuma. Kwa ngozi nne au tano, yeyusha chumvi nusu kilo na shabu nusu kilo kwenye lita 8 za maji, zizamishe siku mbili, ukizigeuza asubuhi na jioni. Zitoe, na utando wa ndani utabanduka kwa vidole ukianzia mkiani. Tengeneza maji mapya, lita 8, chumvi nusu kilo na shabu kilo moja, uzirudishe siku saba. Kata kipande kidogo shingoni, penye unene: kikiwa cheupe tangu nje hadi kati, imekolea, kukiwa na mstari wa rangi ya nyama katikati, ongeza siku mbili.

Ikaushe ndani ya nyumba, kivulini. Ikiwa bado na ubichi kama nguo iliyo tayari kupigwa pasi, paka upande wa nyama kiini cha yai kilichokorogwa na maji ya uvuguvugu kidogo, kisha ivute huku na huku kwenye ukingo wa kigoda mpaka igeuke nyeupe na laini. Ukiiacha ikauke kabla ya kuivuta, inakuwa kama ubao. Ilowanishe kwa kitambaa kibichi uanze upya. Malizia kwa msasa laini. Inafaa kofia ya mtoto, foronya ya mto, kibegi, bitana ya ndani ya kandambili za nyumbani. Haifai kufuliwa, kwa sababu maji huondoa shabu na ngozi hurudi kukakamaa, hivyo ukishona foronya weka zipu ili mto wa ndani utoke na kufuliwa peke yake.