Mchango mdogo hospitalini unafika wapi?

Ndugu yangu, umeuliza mchango wa shilingi elfu kumi unasaidia nini, wakati ada katika vituo vya afya vya serikali hapa Uganda zilifutwa tangu 2001. Unasaidia sana, ila inategemea umepitia wapi.

Tazama Kisiizi, kule Rukungiri. Zamani wanakijiji walikuwa na vikundi vya engozi, yaani machela: mtu akiugua, majirani wanambeba mabegani kupanda na kushuka milima hadi hospitali. Mwaka 1996 hospitali ya kanisa pale ikaanzisha bima ya afya juu ya vikundi hivyohivyo. Familia zinalipa kabla ya kuugua, na zinaingia kwa kikundi, wazima na wagonjwa, kwa sababu wakijiunga wagonjwa peke yao mfuko unakauka upesi. Faida yake kubwa naiona hapa: mama halazimiki kusubiri auze mbuzi ndipo ampeleke mtoto mwenye homa. Anampeleka siku ileile.

Wafadhili wa nje nao wana nafasi yao. Hospitali ya Lacor, kule Gulu, imeegemea misaada yao miaka mingi.

Lakini vifaa, tafadhali, ulizeni kwanza! Mashine ya oksijeni bila umeme wa uhakika, fundi na vipuri inageuka pambo la stoo, na hilo linaniuma kweli. Kabla kikundi chenu hakijanunua chochote, zungumzeni na muuguzi mkuu wa wodi. Huenda akawaomba glavu na mafuta ya jenereta.