Gari dogo la Arusha na Moshi: anza na kilima, malizia na bei

Wengi wanaotafuta gari dogo huanza na rangi, mwaka na bei waliyoiona mtandaoni. Kwa mtu wa Arusha au Moshi swali la kwanza liwe jingine: katika wiki yako, barabara ngumu kuliko zote ni ipi, na unaipita ukiwa umebeba nini? Anayetoka Njiro kwenda mjini peke yake, lami mwanzo mwisho, hahitaji gari sawa na anayepandisha Kibosho kila Jumamosi akiwa na watu wanne na mikungu ya ndizi kwenye buti.

Mwinuko ndio unaotutenga na watu wa Pwani. Arusha mjini ni takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na ukifika geti la Marangu umepita mita 1,800. Injini ya petroli isiyo na tabo (turbo) hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Chukua 1KR-FE, ile injini ya silinda tatu yenye cc 996 iliyomo kwenye Vitz na Passo nyingi. Kiwandani inatoa nguvu farasi 71. Hapa Arusha zinabaki 60 na kidogo. Jaza watu watano, washa AC, halafu elekea mlimani: utakanyaga mafuta mpaka mwisho na gari halitaongeza mwendo. Injini inayofanya kazi hivyo kila wiki haikupunguzii mafuta kama ulivyotarajia, na mafuta ya giaboksi yanachemka mapema.

Maoni yangu ni haya. Kama unazunguka mjini tu, mko wawili au watatu, cc 1,000 inatosha kabisa na usione aibu kuinunua. Ukiwa na safari ya mlimani kila wiki, usishuke chini ya cc 1,300. Kama gari litajaa watu na mizigo mara kwa mara, tafuta cc 1,500, mfano Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE, ambayo ina nguvu farasi zipatazo 110. Injini hizi zote za Toyota nilizotaja zinatumia cheni ya taimingi badala ya mkanda, kwa hiyo hakuna mkanda wa kubadilisha kila baada ya kilomita fulani, lakini cheni hulegea mapema ukichelewesha kumwaga oili.

Sasa hesabu ya mafuta. Mtu anayetembea km 40 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, anafikisha km 1,000. Gari la km 15 kwa lita litanywa lita 67. La km 11 litanywa lita 91. Tofauti ni lita 24 kwa mwezi. Zidisha kwa bei kikomo ambayo EWURA huitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kisha jiulize kama tofauti hiyo inazidi gharama ya kuwa na gari lisilomudu njia yako. Tangu 2017 ada ya mwaka ya leseni ya gari iliondolewa na kuhamishiwa kwenye mafuta, hivyo kila lita unayochoma inabeba na sehemu hiyo.

Upande wa kodi ndipo bajeti za wengi zinapovunjika. Ushuru wa forodha ni asilimia 25 na VAT ni 18. Ushuru wa bidhaa unafuata ukubwa wa injini: hadi cc 1,000 hakuna, kuanzia 1,001 hadi 2,000 ni asilimia 5. Halafu kuna ushuru wa uchakavu: gari la miaka 8 hadi 10 linaongezewa asilimia 15, likizidi miaka 10 asilimia 30. IST za toleo la kwanza zilitengenezwa kati ya 2002 na 2007, kwa hiyo zote zimo kwenye asilimia 30. Ndiyo maana gari linaloonekana rahisi Japani linaweza kufika hapa kwa bei ya gari la miaka sita. Kabla ya kutuma hata senti, ingia kwenye kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti ya TRA, weka aina, mwaka wa kutengenezwa na ukubwa wa injini, usome jumla. TRA ina thamani yake kwenye mfumo, kwa hiyo usitegemee risiti yako peke yake. Na ukumbuke viwango vinaweza kubadilika kila Julai 1, bajeti mpya inapoanza. Juu ya hapo ongeza gharama za bandari, wakala wa forodha, bima, na safari ya zaidi ya km 500 kutoka Dar es Salaam. Kisha tenga asilimia 10 hadi 15 ya bei ya gari kwa ajili ya matengenezo ya mwanzo. Kama hiyo ya mwisho haipatikani, shuka daraja moja la gari.

Giaboksi inahitaji umakini kuliko kitu kingine chochote kwenye magari haya. IST ya 2002 hadi 2007 na Passo ya 2004 hadi 2010 zina otomatiki ya kawaida ya gia nne. Vitz nyingi za kuanzia 2005, IST ya toleo la pili na Honda Fit ya toleo la kwanza zina CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua, inayotumia mkanda wa chuma. CVT ni nzuri kwa mafuta, ila haisamehe mafuta yasiyo yake. Ya Toyota inataka mafuta ya CVT yaliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, ya Honda inataka mafuta yanayoitwa HMMF, na IST ya gia nne inataka yanayoitwa T-IV. Fundi akimimina haidroli (mafuta ya giaboksi) ya kawaida kwenye CVT, mkanda unateleza, na baada ya muda gari linaanza kutetemeka kila linapoondoka. Dalili hiyo itafute kabla hujalipa: injini ikiwa imepata moto, weka D kwenye mwinuko, achia breki taratibu bila kukanyaga mafuta mengi. Likitetemeka au likisita kisha likaruka, acha. Rudia kwa rivasi, ukipanda kinyumenyume, maana rivasi ndiyo huonyesha ubovu mapema.

Kwenye Fit yenye injini ya i-DSI kuna jambo la ziada: silinda nne, plagi nane. Za nyuma zimejificha, na mafundi wengi hubadilisha nne za mbele tu. Gari linakosa nguvu, mwenye gari anaambiwa koili imekufa, kumbe ni zile plagi za nyuma.

Matuta ya barabara ya Arusha–Moshi na mashimo ya mitaa kama Muriet au Pasua yanapima urefu wa gari kutoka chini. Usiamini namba ya mtandaoni. Ingizeni watu wanne, chukua rula, pima kutoka ardhini hadi kwenye kinga ya injini. Chini ya sentimita 13 utagonga kila siku. Kuweka springi ndefu kunasaidia kidogo lakini kunabadilisha pembe ya drive shafti na kuzichakaza mapema. Tairi lenye ukuta mrefu kidogo, lisilogusa bodi usukani ukikatwa mpaka mwisho, ni suluhisho salama zaidi. Kwa anayeishi juu Uru au Rombo kwenye tope la masika, IST ya 4WD inafaa, mradi tairi zote nne ziwe za saizi moja na uchakavu unaolingana, la sivyo kiunganishi cha nyuma kinachemka.

Kama unanunua gari lenye namba za hapa, angalia kwanza faini kwenye mfumo wa polisi wa TMS na madeni ya maegesho ya TARURA, kisha fungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa imepoa. Maji ya kahawia yanamaanisha halijawahi kuwekewa kulanti, yale maji maalumu ya rejeta. Uliza pia kama themostati, vali inayodhibiti joto la maji ya injini, ipo. Mafundi huitoa gari likichemka, na asubuhi za baridi za Juni na Julai injini inachelewa kupata joto, inakula mafuta zaidi na kuchafua oili.

Gari likishafika nyumbani, wiki ya kwanza mwaga oili yote (1KR-FE inachukua lita 3.1 pamoja na filta, 1NZ-FE lita 3.7), mafuta ya giaboksi na kulanti. Badilisha filta ya hewa, kwa vumbi letu usiiache ipite km 10,000. Soma tarakimu nne za mwisho kwenye tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililozidi miaka sita libadilishe hata kama kashata (meno ya tairi) bado ni nene, na ukiteremka kutoka mlimani weka gia kwenye 2, L au B ili breki zisichemke.