Umerudi kutoka majeruhi lakini unaachwa kuanzia mita 500: acha kuongoza kwa sasa

Mdogo wangu, nimesoma ulichoandika mara mbili. Kwa watakaopita hapa baadaye: kijana anakimbia mita 800, muda wake bora ni 1:51. Alikaa nje miezi mitano kwa ufa kwenye mfupa wa muundi. Amerudi, mazoezini vipande vyake vya mita 400 vinatoka kama zamani, lakini mashindano manne mfululizo ameongoza mzunguko wa kwanza na kuachwa kuanzia mita 500. Anauliza aongeze kilomita au aache kuongoza. Mdau mmoja amemshauri aongeze kilomita. Mimi nasema asiongeze.

Yamenikuta hayo hayo. Nilikimbia Arusha na mikoa ya jirani miaka saba, muda wangu bora 1:50.8. Muundi wa kushoto ulianza kuuma sehemu ndogo tu, upana wa kidole gumba, ukibonyeza hapo unaruka. Hospitali ya kwanza waliniambia ni msuli, nikakimbia wiki tatu juu ya ufa. Nikakaa nje karibu nusu mwaka. Niliporudi nilitaka kitu kimoja, watu waone kwamba bado nipo. Mashindano ya kwanza nikapita mita 400 kwa sekunde 53, wa kwanza, jukwaa zima linapiga kelele. Nikamaliza wa sita, 1:57. Miguu ilijaa kabla ya kufika 600 na mikono ikawa kama nimebeba ndoo mbili za maji. Wiki mbili baadaye nikarudia vilevile, kwa sababu saa ya mazoezini ilikuwa inaniambia niko sawa.

Hiyo saa ndiyo iliyonipoteza, na naona inakupoteza na wewe. Ukikimbia 400 mara nne ukapumzika dakika tatu tatu, kila kipande unakianza ukiwa umeshatulia. Kwenye 800 hakuna wa kukupumzisha. Pale kati ya 500 na 650, upande wa mbali na jukwaa, kasi uliyoanza nayo imekwisha na mstari wa mwisho bado hauonekani. Kwangu ndipo palipochelewa kurudi kuliko pengine pote, na vipande vya 400 havikuwahi kunionyesha. Jipime hivi: kimbia 600 kwa kasi unayotaka kushindania, tembea dakika moja na nusu, kisha maliza 200 kwa nguvu zote zilizobaki. Kama hiyo 200 inakushinda, mbio za kuongoza bado hujazifikia. Mara moja kwa wiki inatosha, ukipata nyasi ni bora zaidi. Kilomita za ziada utazilipa kwa mfupa uliopona juzi, na pumzi ya masafa wala siyo inayokuangusha.

Sasa mbinu. Najua kwa nini kuongoza kunakuvuta. Huku kwetu tumekua tukisimuliwa Filbert Bayi kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola pale Christchurch mwaka 1974, alivyotoka mbele tangu mlio wa bastola kwenye mita 1500 na hakuna aliyempita hadi mwisho. 3:32.16, rekodi ya dunia, na John Walker wa New Zealand aliyemfukuza naye akavunja rekodi ya zamani lakini akabaki wa pili. Ukisikia hiyo tangu utotoni, kukaa nyuma ya mtu unaona kama woga.

Lakini mtazame David Rudisha, Mkenya wa mita 800, maana ndiye somo lako. Olimpiki ya London 2012 alipita mzunguko wa kwanza kwa sekunde 49.28, akamaliza 1:40.91, hakuna aliyemgusa. Mwaka uliofuata goti likamzuia kwenda mashindano ya dunia ya Moscow. Aliporudi hakuwa yule wa London, na Glasgow mwaka 2014 Nijel Amos wa Botswana alimshinda kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Fainali ya dunia ya Beijing mwaka 2015 akakaa mbele tena, ila safari hii akaishika breki: mzunguko wa kwanza zaidi ya sekunde 54! Wote nyuma yake wamejazana, hakuna anayethubutu kutoka, na yeye ndiye anayeamua mbio zianze lini. Akashinda kwa 1:45.84, karibu sekunde tano nyuma ya rekodi yake mwenyewe, na dhahabu ikawa yake. Olimpiki ya Rio 2016 akabadilisha tena. Mkenya mwenzake Alfred Kipketer alipochomoka, Rudisha akamwachia mzunguko wa kwanza, zilipobaki kama mita 300 akampita na kumaliza 1:42.15. Fainali tatu, na kila moja aliikimbia kwa mwili aliokuwa nao siku hiyo. Mimi nilipoteza msimu mzima nikikimbia kwa mwili wa mwaka juzi.

Aliyenitoa huko ni kocha wangu, mzee mmoja asiyependa maneno mengi. Alininyang'anya saa, akaniambia mashindano manne yajayo nisiongoze hata mita moja kabla ya 600. Yeye mwenyewe akaenda kusimama upande wa pili, pale mita 550, akaniambia: "Usinitazame mimi. Tazama mabega ya aliye mbele yako." Mbio ya kwanza sikuelewa. Ya pili nikaona. Jamaa wa mbele yangu alikuwa bado na kasi yake, lakini mabega yalianza kupanda kuelekea masikioni, na vidole alivyokuwa amevikunja vikafunguka, vimekakamaa. Hatua kama kumi baadaye akaanza kulegea. Mimi nilishakuwa natoka pembeni. Ukiongoza kila siku huoni mambo haya, na ukikaa nje miezi mitano hata uliyokuwa unayaona unayasahau.

Kukaa nyuma kuna hasara zake, hilo usidanganywe. Ukikaa wa mwisho, kila aliyechoka anakuwa ukuta wako. Ukikaa umegusa ukingo wa ndani unabanwa, mtu yuko mbele, mwingine ubavuni, unasikia spaiki nyuma yako na huna pa kutokea. Ukikimbia nje kwenye njia ya pili, kila kona unaongeza karibu mita 4. Kona ya kwanza kila mtu anakimbia kwenye njia yake; baada ya kukata kuingia ndani zinabaki kona tatu, hiyo ni zaidi ya mita 11, na kwa kasi yako ni kama sekunde moja na nusu. Kwa hiyo kuwa wa tatu au wa nne, nusu hatua nje ya bega la aliye mbele, na ukiingia kona rudi ndani kama nafasi ipo. Kupita, pita kwenye mnyoofu.

Usisubiri pia kuongeza kasi kama mtu wa mita 100. Hata Rudisha wa London mzunguko wa pili ulikuwa 51.63, alipungua. Anayepita watu mita 80 za mwisho mara nyingi amepungua kidogo kuliko wao, basi.

Mashindano ya tano nilikimbia 1:52.9, wa pili. Nililia pale pembeni ya uwanja, sioni aibu kusema. Muda wangu bora ulirudi msimu uliofuata, na siku hiyo niliongoza kuanzia 450.

Na si Rudisha peke yake aliyerudi kwa subira: Mkenya Faith Kipyegon wa mita 1500 alijifungua mwaka 2018, akapata medali ya fedha mashindano ya dunia ya Doha 2019, na dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo aliichukua akiwa amemfuata Sifan Hassan hadi mita 200 za mwisho.

Ukikimbia mashindano yako ya mwezi ujao, rudi hapa uandike ulipita 600 kwa muda gani, ulikuwa wa ngapi, na muundi uliamkaje kesho yake asubuhi.