Soma kabla ya kubonyeza Y

Jana nimemkuta kijana wetu mpya hapa Ngong Road kwenye kompyuta ya Ubuntu, aina ya Linux, akiandika `sudo apt install -y`, macho yakiwa kwenye simu. `sudo` inakupa mamlaka ya msimamizi, `apt` inaweka na kuondoa programu, na `-y` inajibu Y, yaani ndiyo, kabla hujaulizwa. Nikaweka kikombe cha chai mezani polepole. Nyinyi watoto mtaniua.

1. `apt update` haibadilishi programu yoyote. Inaleta orodha mpya kutoka kwenye ripo, ghala la programu mtandaoni, basi. Pakeji, yaani programu iliyofungashwa, isipopatikana, anzia hapo kabla ya kuniita.

2. Amri uliyookota mtandaoni ikiishia na `| sudo bash`, inaendesha skripti ya mtu papo hapo kwa mamlaka ya msimamizi; pakua hiyo skripti uisome kwanza. Hata mandazi ya kando ya barabara huwa unayageuza.

3. Python ya mfumo, lugha ambayo programu nyingi za Ubuntu zinaitegemea, usiiguse. Hapa nivumilieni.

Mwaka 2019 nilikuwa natunza seva ya mteja, Ubuntu 18.04. Python yake ilikuwa 3.6, nami nikataka mpya. Mpya huwekwa kando ya ile ya zamani, kila mtu anajua. Mimi nikaona nifagie kwanza: `apt remove python3`. Majina ya pakeji za kuondolewa yakajaa skrini, na katikati yao `netplan.io`, yenye kusimamia mtandao. Macho yaliiona. Kidole kikabonyeza Y. Hakuna kilichozimika, nikajipongeza, nikawasha seva upya.

`ssh`, njia yangu ya kuingia kwenye seva kwa mbali, ikanyamaza kabisa.

Ijumaa, saa kumi na moja jioni, mvua, Mombasa Road imefungana. Nikapanda boda hadi iliko seva. Askari wa getini aliangalia kitambulisho mara mbili, maana nilikuwa nimelowa na natetemeka. Ndani ya chumba kile cha baridi nikauinua mtandao kwa mkono, `ip addr add`, kisha `ip route add`, nambari nikizisoma nyuma ya risiti ya supamaketi. DNS, inayogeuza majina ya tovuti kuwa nambari, nikaisahau, nusu saa nyingine ikaenda. Kilichoniokoa ni `/var/log/apt/history.log`: kila nilichoondoa kimeandikwa humo, nikarudisha jina kwa jina. Mteja alipiga simu mara sita. Sikushika hata moja, na hilo ndilo hakunisamehe.

4. Ongeza `-s` kwenye amri ya `apt` uone kitakachotokea bila kugusa kitu.

5. Ukiambiwa dpkg, fundi anayefanya kazi chini ya `apt`, imefungwa, subiri. Mara nyingi ni masasisho ya kujiendesha yanamalizia. Faili ya kufuli usiifute, tafadhali, nimeshachoka.

Yule kijana, kumbe, alikuwa anaweka `htop` tu, programu ndogo ya kuangalia mzigo wa kompyuta. Nikamwambia atoe `-y` na asome orodha. Akaisoma kwa sauti, neno kwa neno kama yuko darasa la pili, ofisi nzima ikavunjika mbavu.