Swali la lugha: Raleigh "aliachiwa huru" au alitolewa tu?

Msomaji mmoja kaniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Natafsiri makala ya historia kuhusu wafungwa wa kisiasa wa Ulaya, karne ya 16 mpaka ya 18, wale waliotolewa kwa masharti. Nimeandika 'Walter Raleigh aliachiwa huru chini ya masharti mwaka 1616'. Mwenzangu anayenipitishia kazi anasema hapo nimekosea mara mbili, ila hakunifafanulia. Niandikeje? Na neno parole linafaa?"

Marahaba mwanangu. Mwenzako yuko sahihi, na kosa lile la kwanza ni kubwa kuliko unavyodhani, maana mwenyewe Raleigh, yule baharia na mwanasiasa wa Uingereza, alikatwa kichwa kwa sababu ya tofauti hiyohiyo unayoniuliza.

Ukisikia kwenye taarifa ya habari "mahakama imemwachia huru" unaelewa nini? Unaelewa kesi imekwisha, mtu anaenda zake, hadaiwi kitu. Wakenya wengi watasema kaachiliwa huru, Watanzania kaachiwa huru, maana ni ileile. Na mtaani hii tofauti tunaijua bila kufundishwa na mtu, kijana akirudi kutoka rumande jirani wa kwanza kumwona anauliza "katoka kwa dhamana au kaachiwa?", kwa sababu kama ni dhamana basi kesi bado iko shingoni mwake na hakuna wa kupika pilau siku hiyo.

Sasa mwangalie Raleigh. Novemba 1603 alihukumiwa kifo huko Winchester kwa kosa la uhaini dhidi ya Mfalme James wa Kwanza, mfalme akaahirisha kumnyonga lakini hukumu hakuifuta, akamweka kwenye ngome ya Tower pale London karibu miaka 13. Mwaka 1616 akatolewa ili aende Guiana, Amerika Kusini, kutafuta mgodi wa dhahabu, na siku za mwanzo alikuwa anatembea na mlinzi nyuma yake. Sharti lilikuwa asiwaguse Wahispania. Akasafiri 1617, Januari 1618 watu wake wakashambulia mji wa Wahispania kwenye Mto Orinoco, mwanawe mwenyewe akafia palepale, dhahabu haikuonekana. Akarudi England mikono mitupu.

Hapa ndo lugha inapoingia. Oktoba 28, 1618 wakampeleka mahakamani, anatetemeka kwa homa, akajitetea kwamba mfalme alimpa hati ya kuongoza msafara, hati yenye mamlaka juu ya uhai wa watu wengine, iweje mtu apewe mamlaka hayo kama hajasamehewa? Mimi nikisoma utetezi huo naona una akili kabisa. Jaji mkuu Henry Montagu akamjibu kwamba uhaini hausamehewi kwa kudokezwa, lazima msamaha utamkwe kwa maneno yake. Hakuna neno la msamaha kwenye hati, hakuna msamaha. Kesho yake asubuhi akauawa, kwa hukumu ya miaka 15 nyuma, haikuandikwa mpya.

Kwa hiyo ukiandika "aliachiwa huru" msomaji wako akifika 1618 atashangaa, huyu si aliachiwa, kakatwa kichwa kwa kosa gani tena? Neno huru limekwishamfutia hukumu ambayo mfalme hakuifuta. Andika alitolewa. Kutolewa kunasema mwili umetoka mlangoni basi, hakusemi lolote kuhusu hukumu. Kusamehewa ni jambo la tatu kabisa, na kwa Raleigh halikutokea.

Kosa la pili ni hilo "chini ya masharti". Najua limeenea, hata magazeti yanaandika, lakini ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Kwa Kiswahili sharti halina chini wala juu, mtu hutolewa kwa masharti, na likiwa moja sema kwa sharti la, mfano "kwa sharti la kutowagusa Wahispania". Chini ya ulinzi ni sawa, hiyo imeshakuwa yetu na wala sina ugomvi nayo, na kwa Raleigh unaweza kuitumia kwa sababu ya yule mlinzi wake.

Halafu kuna jambo hukuuliza ila kwenye makala kama hiyo litakukuta tu, usiwaite wote wafungwa. Mfungwa ni aliyehukumiwa. Anayesubiri kesi ni mahabusu. Aliyekamatwa vitani ni mateka, na hapo utakutana na Mfalme François wa Kwanza wa Ufaransa, aliyetekwa Pavia Februari 1525 na jeshi la Charles wa Tano, mfalme wa Uhispania, akapelekwa Madrid. Januari 1526 akatia saini mkataba wa kulitoa jimbo lake la Burgundy, akala kiapo kwamba asipotimiza atarudi mwenyewe kifungoni, na badala yake wabaki wanawe wawili. Machi 17 wakabadilishana kwenye Mto Bidasoa mpakani, katikati ya maji kabisa, baba anavuka huku, watoto wanavukishwa kule, mkubwa ana miaka 8 na mdogo hajatimiza 7. Mfalme alipofika kwake akaukana mkataba. Watoto wakakaa Uhispania mpaka Julai 1530, wakatoka kwa sarafu za Kifaransa za dhahabu, ecu milioni 2.

Watafsiri wengi wataandika hao watoto nao ni mateka. Si kosa, ila sisi tuna neno linaloeleza vizuri zaidi, rehani. Unaweka kitu chako cha thamani kwa mwenye mali, unachukua unachotaka, ukilipa unakikomboa. François aliweka wanawe rehani, akachelewa miaka minne kuwakomboa. Ona kitenzi kilivyojileta chenyewe, kukomboa, tunakitumia kwa rehani na kwa mateka pia. Na sisi tunasema kila siku kwamba ahadi ni deni, hapa deni la mfalme walilipa watoto, mimi habari hiyo kila nikiisoma inaniuma.

Na Voltaire, yule mwandishi Mfaransa, je? Aprili 1726 alitiwa Bastille, gereza la Paris, kwa amri ya mfalme, hakuna kesi hakuna hukumu, akatolewa mwezi uliofuata kwa sharti la kwenda Uingereza na akasindikizwa mpaka Calais. Huyo si mfungwa wala mahabusu, aliwekwa kizuizini. Neno hilo watu wa huku tunalifahamu kwa uzito wake, Kenya enzi za hali ya hatari miaka ya 1950, na Tanganyika kwa sheria ya 1962, kwa hiyo litumie bila woga, msomaji ataelewa mara moja kwamba mtu alifungiwa bila kupelekwa kwa hakimu.

Dhamana iache kwa pale ambapo kweli kuna mdhamini au pesa. Machiavelli, mwandishi na ofisa wa zamani wa dola ya Florence huko Italia, mwaka 1512 alikatazwa kutoka nje ya eneo la Florence mwaka mzima na ikawekwa dhamana ya florini 1,000, marafiki ndo waliomdhamini. Hiyo dhamana. Alipokamatwa tena 1513 akateswa kwa kamba halafu akatoka kwenye msamaha wa jumla baada ya Papa Leo wa Kumi kuchaguliwa, hiyo msamaha. Mtu mmoja, miezi michache, maneno mawili tofauti.

Parole, yaani mfungwa kutolewa kwa masharti kabla kifungo chake hakijaisha, mi nisingeliweka kwa Raleigh. Tanzania tuna Bodi za Parole, msomaji atafikiria kamati imekaa imepitia mwenendo wa mfungwa, wakati pale ni mfalme mmoja anataka dhahabu. Ila neno lenyewe ni la Kifaransa na maana yake ni neno tu, ofisa aliyetekwa alitoa neno lake la heshima kwamba hatashika tena silaha, akaachwa aende. Ukikutana na hao andika "aliachwa aende kwa neno lake la kiungwana". Muungwana zamani pwani alikuwa mtu asiye mtumwa, mwenye kauli inayokubalika, kwa hiyo linakaa mahali pake vizuri sana.

Sentensi yako basi iwe hivi: "Mwaka 1616 Walter Raleigh alitolewa gerezani kwa masharti, bila kusamehewa." Na ukifika 1618 usiandike "alihukumiwa tena kifo", andika "hukumu ya mwaka 1603 ilitekelezwa".