Tenzi Zisizojulikana Zinahitaji Kwaya Iliyojiandaa

Mwalimu mmoja wa kwaya ameniandikia akiuliza afanye nini na waumini wanaokunja uso kila anapoleta tenzi wasizozizoea. Swali lake limegusa mahali ambapo bado panauma, kwa kuwa kiongozi mmoja wa ibada aliwahi kuniambia mbele ya kwaya nzima kwamba nirudi kwenye nyimbo ambazo watu wanazijua. Tulikuwa tumetoka kuimba tuni, yaani melodi, ya tatu ya Thomas Tallis, mtunzi Mwingereza wa karne ya 16.

Tallis aliitunga pamoja na nyingine 8 kwa ajili ya kitabu cha zaburi cha Askofu Mkuu Matthew Parker, kilichochapwa Uingereza mwaka 1567, ambamo iliwekewa maneno ya Zaburi ya 2. Baadaye Ralph Vaughan Williams, mtunzi Mwingereza, aliiingiza katika kitabu cha nyimbo alichokihariri mwaka 1906, na mwaka 1910 akaijengea kazi kubwa ya ala za nyuzi. Anayeisikia kwa mara ya kwanza hudhani imekosewa, maana haitulii kwenye do, noti ya kwanza ya ngazi ya muziki, kama tenzi nyingi, bali kwenye mi, noti ya tatu. Hapo ndipo utamu wake ulipo, na mpiga kinanda anayeilazimisha imalizikie kwenye do ameiharibu.

Sikukubali kuiacha. Katika kitabu cha Parker sauti kuu imepewa waimbaji wa tena, yaani sauti ya juu ya wanaume, si soprano, nami nikaifuata njia hiyo hiyo: waimbaji wa tena waliimba peke yao mpaka wakaimiliki, besi wakaingia chini yao, alto wakafuata, na soprano wakaja mwisho ingawa walinung'unika kukaa kimya. Leo kwaya ile ile huiomba yenyewe, na ninajivunia hilo bila kuficha.

Kwa hiyo, ndugu mwalimu, usiwalaumu waumini kabla hujaitazama kwaya yako. Wimbo mgeni ukiimbwa kwa wasiwasi, watu husikia wasiwasi, nao huulaumu wimbo. Pia uheshimu mpangilio wa sauti, kwa sababu ndio unaobeba maana. Mtunzi Mjerumani J. S. Bach aliirudia mara 5 katika Mateso ya Mathayo, kazi yake kubwa ya kuimba habari za kuteswa kwa Yesu, tuni ya mtunzi Hassler iliyochapwa mwaka 1601 ikiwa wimbo wa mapenzi. Yesu anapokata roho, tuni ni ile ile, lakini sauti za chini zimegeuzwa hata wimbo wote unalia. Anayezitupa sauti hizo ili abaki na sauti kuu na ngoma amewanyima waumini nusu ya mahubiri.

Fanyeni mazoezi, kisha fanyeni tena. Tuni ipigwe kwa kinanda wakati wa sadaka, Jumapili kadhaa mfululizo, kabla mtu yeyote hajaombwa kuiimba. Siku ikifika, kwaya iimbe beti za kwanza peke yake, waumini waalikwe kwenye ubeti wa mwisho, na ufunguo usipandishwe ili soprano wang'are, kwa sababu muumini aliyeshindwa kuzifikia noti za juu hatathubutu kuijaribu tena.